Mashini Yako Iliponyamaza, Mwalimu Elia

Mwalimu Elia,

Bwana akupumzishe vema. Mimi Mama Neema, katibu wa kwaya yako, sijakaa kitako juma zima. Natoka nyumbani Misiera, nafika kanisani, narudi, nasahau nilichoendea. Hata kuomba naomba nikitembea.

Jumapili tunamaliza matanga yako. Kwaya inataka kuimba ule wimbo wako wa mwisho, na wewe hukuuandika fasi yoyote. Uliimba kila sauti peke yake ukaiweka ndani ya ordinateri, kompyuta yako. Soprano, alto na besi tulishajifunza ukiwa hai. Teno bado, iko mule tu. Na tangu tukuzike, ile mashini haitoi hata mlio. Wimbo unaonekana unatembea kwenye kioo, lakini kimya.

Watu wakasema aliyeiharibu ni Safari, mdogo wako, sababu siku za kilio alichomeka simu za wageni kila upande wa mashini zipate chaji. Jumapili mbili sasa hajaja kanisani.

Nikaifunga mashini kwa kitenge nikaipeleka Mbarara. Fundi akaiwasha, akaona ndani ni Linux, si Windows aliyoizoea, akacheka kidogo. Akasema draiva, ile programu inayoendesha kadi ya sauti, imekufa. "Mama, hapa ni kufuta yote, naweka ingine mpya." Nikamuuliza, na nyimbo? Akasema nyimbo zitaenda. Nikaichukua mikononi mwake kama mtu anayenyang'anya mtoto. Mungu anisamehe, hata asante sikusema.

Jana, baada ya maombi ya asubuhi, nikafungua kaye yako, lile daftari la maelekezo. Unanijua, niliishia darasa la sita, Kiingereza sina. Nikanakili herufi moja moja kwenye lile dirisha jeusi, vile ulinifundisha: "Mama Neema, usikimbie. Kwanza uliza kama kadi iko. Kisha uliza kama draiva iko. Kisha ndiyo ulie." Nikaandika aplay -l. Kadi iko. Draiva nayo iko, inafanya kazi, fundi alikosea. Nikaitoa, nikairudisha kwa ile amri ya modprobe, nikazima, nikawasha. Kimya. Nikazunguka nyumba sijui mara ngapi. Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu, alsamixer. Zikaja zile nguzo za sauti. Nguzo ya spika imepanda mpaka juu, lakini chini yake imeandikwa MM, maana yake imefungwa.

Mwalimu, mkono wangu ulikumbuka kabla ya kichwa. Ni mimi.

Siku mwili wako ulipolazwa sebuleni, wazee walisema ngoma na vyombo vyote vinyamaze. Nikaogopa mashini yako isije ikalia katikati ya maombi. Nikaingia mule kwenye nguzo, vile ulinionyesha zamani, nikabonyeza M. Nilidhani ukizima na kuwasha inajifungua yenyewe. Kumbe ilikuwa inanitii siku zote hizo.

Nikabonyeza M tena, nikaanzisha ile teno. Ukatoka wewe, kabla ya wimbo, unakohoa, unasema: "Teno, musinivute. Munifuate." Nikafunga haraka. Sikuweza. Mpaka sasa sijaendelea kusikiliza, na sijamwambia mtu.

Furaha ningekuwa nayo mingi, Mwalimu, lakini naona haya. Nilikaa kati ya wale waliomsema Safari. Sikumtetea. Kuna siku hata nilitikisa kichwa, kwamba ndiyo, ni yeye. Mimi, mama wa maombi. Na yeye alikuwa akiwahudumia wageni wako tu.

Nimekwisha kuvaa viatu. Kanisani siendi kwanza. Naenda Kashojwa kwa Safari, na mashini mgongoni, nimwambie mbele ya mke wake na watoto kwamba ni mimi. Kesho kwenye mazoezi nitasema hivyo hivyo mbele ya kwaya nzima, nikiwa nimesimama. Safari akinifukuza, nitakaa mlangoni kwake mpaka achoke. Akinipokea, wimbo wako wote atausikia yeye kabla ya mwimbaji yeyote.

Hilo nakuahidi, na Mungu anasikia. Lala sasa, ndugu yangu katika Bwana. Mimi natoka.

Mama Neema