Nyimbo Tatu Zilizonirudishia Gita Langu

Jumapili jioni, Homa Bay. Jua la leo lilikuwa kali, lakini sasa upepo wa ziwani unaingia dirishani na kulipeperusha pazia la Mama. Mvua ilitishia mchana kisha ikaghairi. Nimeketi kwenye kitanda nilicholalia nikiwa msichana. Mkono wangu wa kushoto umevimba kidogo, na tabasamu limekataa kuondoka usoni.

Tumeweza. Yawa, tumeweza!

Ngoja nianze vizuri, maana huenda kuna anayesoma hapa kwa mara ya kwanza. Mimi ni Atieno, msusi. Nina saluni Migori, nyuma ya soko, na kila Jumapili napiga gita la umeme katika kwaya ya kanisa letu. Kuna msomaji aliniomba nitaje nyimbo bora za ile bendi ya ng'ambo ninayoisifu kila mara, ile inayochanganya violini, waimbaji na magita ya roki, na kupiga muziki wa Krismasi kana kwamba mbingu zinapasuka. Nilimwahidi, kisha nikanyamaza. Sikuweza kuziandika nyimbo hizo bila kueleza zilinifanyia nini, na hadi leo sikujua hadithi yangu ingeishaje.

Majina yake ya Kiingereza yalitushinda pale saluni, kwa hiyo tukazibatiza upya. Nitatumia majina yetu.

Wakati wa mvua za masika pikipiki niliyopanda iliteleza kwenye matope. Mwenye pikipiki aliamka na michubuko tu. Mimi niliuangukia mkono. Kifundo kilivunjika pamoja na vidole viwili vya mwisho, na plasta ilipotolewa, vidole hivyo vilikuwa kama vijiti vya kuni. Daktari alikuwa mpole. Akasema nitashika kikombe, nitafua, huenda hata nitasuka. Nikamuuliza kuhusu gita. Akaangalia chini, akasema tumwachie Mungu.

Mama alisafiri kutoka Homa Bay kuja kuniuguza. Asubuhi ya kwanza, akinimiminia uji, alisema, "Nyathina, mwanangu, uza hiyo gita. Usijitese. Kitu kikishakwenda, kimekwenda."

Nilikuwa nimeshaanza kumwamini.

Siku hizo Akinyi, mwenzangu pale saluni na mwimbaji wa sauti ya kwanza kwayani, alisuka peke yake. Mimi nilikaa mlangoni kukaribisha wateja na kuweka muziki. Hapo ndipo Wimbo wa Mzee uliponipata. Huo ni wa tatu kwa ubora. Kinanda kinatembea polepole, halafu inakuja sauti ya mwanamume iliyojaa kokoto, inasimulia habari za mtu aliye mbali na kwao Krismasi. Haukimbii popote. Unakaa nawe tu. Niliulilia mbele ya wateja wenye vichwa vilivyosukwa nusu, na hakuna aliyenicheka. Mmoja alinipa leso, akasema, "Weka tena, dada. Na mimi nina wangu wa kulia."

Wa pili ni Wimbo wa Mbio. Ni muziki wa kale wa Ulaya uliotiwa pilipili: kinanda kinakimbia, magita yanakifukuza, ngoma nyuma zinachochea moto. Huu haukuniliza. Huu ulinikasirisha. Nilianza kuufuata kwa vidole vyangu vigumu juu ya paja, kwanza polepole kuliko kinyonga, nikikosa, nikirudia. Akinyi alikuwa akitazama huku anasuka, akiniambia, "Hicho kidogo kimedanganya. Rudia!" Mazoezi ya hospitali yalinichosha. Ya wimbo huu nilikuwa nayatafuta mwenyewe.

Kidole cha mwisho hakikurudi. Niseme ukweli hapa, ili asiwepo mtu wa kudhani huu ni muujiza. Hadi sasa kinakunjika nusu tu. Nilichofanya ni kujifunza gita upya kwa vidole vitatu, nikitelezesha mkono mahali ambapo zamani ningenyoosha kidole. Ilikuwa kama kuhamia nyumba ambayo milango yake yote imebadilishwa mahali.

Na wa kwanza? Wa kwanza ni Wimbo wa Kengele, na sitaki ubishi. Selo, ile violini kubwa ya sauti nzito, inaanza peke yake, kama mtu anayeimba akiwa amebaki na jirani mmoja tu duniani. Gita linaingia kumjibu. Kisha ule wimbo wa zamani wa Krismasi, unaoiga mlio wa kengele, unaanza kuzunguka, mara chini, mara juu, hadi bendi yote inalipuka na huwezi kukaa kitini. Wateja wetu walikuwa wakitingisha vichwa hadi Akinyi anawashika masikio.

Mwalimu Ouma, kiongozi wa kwaya yetu, aliusikia siku alipomleta mkewe kusukwa. Alisimama mlangoni hadi ukaisha.

"Huu ndio tutakaopeleka Homa Bay," akasema.

Alikuwa na maana ya tamasha la Krismasi la kwaya za kwetu. Nikamwambia hatuna selo. Akasema tuna Jared. Jared huimba besi, na ndiye pekee kwayani anayejua kupiga orutu, ile ala yetu ya uzi mmoja inayosuguliwa kwa upinde. Nikamwambia hatuna gita pia. Akautazama mkono wangu, akasema, "Gita tunalo. Linaogopa tu."

Nilikasirika siku nzima. Jioni nikalitoa gita chini ya kitanda.

Mazoezini hayakukosekana manung'uniko. Mama mmoja wa kanisa alisema huo ni muziki wa disko, na Krismasi inataka utulivu. Mwalimu Ouma alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa heshima, "Mama, Bwana alizaliwa zizini. Ng'ombe hawakunyamaza. Kelele aliizoea tangu siku ya kwanza." Yule mama alicheka, na wiki iliyofuata alituletea chai ya mazoezi.

Lakini mtu ambaye sikuweza kumshawishi kwa mzaha ni Mama. Nilimpigia simu kumwambia tunakuja kwao. Akaniuliza, "Na ukishindwa mbele ya watu?" Nikasikia mdomo wangu ukijibu kabla yangu: "Nikishindwa, nitaliuza."

Kwa hiyo leo niliingia ukumbini na ahadi hiyo shingoni. Mama alikuwa ameketi safu ya tatu, kitambaa chake cha bluu kichwani, mikono imefumbatwa. Kwaya ya kisiwa cha Rusinga ilitutangulia na kuimba vizuri hadi nikatamani kwenda nyumbani.

Kisha ikawa zamu yetu.

Jared akaanza. Watu waliposikia orutu ikitangulia wimbo ambao hawakuutarajia, kicheko cha furaha kilipita ukumbini, halafu wakatulia kabisa. Uzi ule mmoja ulilia. Nikahesabu, nikaingia.

Nikakosea.

Si kosa dogo la kufichika. Kidole kiliteleza, sauti ikatoka chungu, na spika zikaipeleka hadi nyuma ya ukumbi. Nilimwona Mama akifumba macho. Katika ule muda mfupi nililiona gita langu mikononi mwa mtu mwingine, na kusema kweli nilihisi nafuu, kama mtu aliyechoka kushikilia mlango.

Lakini Jared hakuendelea mbele. Alinitazama, akarudia fungu lake tangu mwanzo, taratibu, kana kwamba ndivyo lilivyotungwa. Nyuma yangu Akinyi akanong'ona, "Rudia, mama. Rudia."

Nikarudia. Vidole vitatu, mkono ukiteleza, na safari hii gita likaitikia. Jared akauliza, nikajibu. Akapanda, nikapanda. Kwaya ikaingia na kengele zake, sauti juu ya sauti, ngoma zikashika, na Mwalimu Ouma akaacha kuongoza kwa mikono akaanza kuongoza kwa mabega. Tulipofika pale wimbo unapolipuka, sikuwa tena nawaza kidole gani kiko wapi. Nilikanyaga, nikainamisha kichwa, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Wanawake wa Rusinga ndio waliosimama kwanza. Vigelegele! Halafu ukumbi mzima ukasimama, viti vikaburutwa nyuma, watu wakacheza roki ya Krismasi kwa mabega ya Kijaluo. Tulipomaliza walikataa tushuke. Tukaurudia wote, na mara ya pili sikukosea hata mahali pamoja.

Nilipoinua macho, Mama hakuwa kwenye kiti chake. Alikuwa chini ya jukwaa, kitambaa mkononi akikizungusha hewani, jasho na machozi vimechanganyika.

Niliposhuka alinishika mkono wa kushoto, akauangalia kidole kwa kidole kama anayekagua samaki sokoni.

"Basi siliuzi, Mama?" nikamuuliza.

Akanikazia macho. "Uuze nini? Nani alisema uuze?"

Akinyi alicheka hadi akaketi sakafuni.

Sasa Mama yuko jikoni anakaanga samaki, na anaimba zile kengele kwa maneno ya Dholuo aliyoyabuni mwenyewe. Mwalimu Ouma ameshanitumia ujumbe kwamba kwaya ya Rusinga inatualika kisiwani Pasaka. Nimemjibu tunakwenda. Sikumuuliza mtu, wala mkono.

Kesho vidole vitaniuma. Viume tu.