Babu, Wanasema Bibi Anazorota

Mpendwa Babu, mume mwenzangu,

Shikamoo. Nimekalia kigoda chako hapa Rasbura, na usinune, kinanipendeza kuliko kilivyokupendeza wewe.

Wajukuu wenzangu wana vyeti. Mimi kidato cha pili kilinishinda, au mimi ndiye niliyekishinda, inategemea unamuuliza nani. Lakini nani kati yao alisomeshwa na wewe? Ulinunua ule mzigo wa magazeti makuukuu kutoka stoo ya chama cha ushirika ili tufungie korosho, halafu ukaweka sheria yako: hakuna kukunja ukurasa ambao haujasomwa. Bibi akikaanga, mimi nasoma kwa sauti, wewe unakunja. Wateja wanalalamika, "Mzee, tupe korosho tuondoke!" Nawe unawajibu, "Subirini, hatujajua kama shule imeezekwa."

Magazeti yale yalijaa neno moja, kuzorota. Kisomo cha watu wazima kinazorota. Ujenzi wa zahanati unazorota. Kilimo cha mihogo nacho kinazorota. Nikakucheka, "Babu, kwani nchi nzima ilikuwa inakufa?"

Ukanirushia ganda. "Kufa wapi, mpumbavu wee! Soma mpaka chini."

Nikasoma. Kila mara, kule chini, palikuwa na mtu anaitwa: katibu aende akaone, wanakijiji wajitokeze na majembe.

"Umeona? Wale wakiandika hivyo, wanaita watu. Kilichokufa hakiitiwi watu wa majembe ila wa kuchimba kaburi."

Ulipougua, Baba Mkubwa aliandika kwenye kundi la familia: "Hali ya mzee inazidi kuzorota, tuombe dua." Nikakusomea, maana sheria ni sheria. Ukauliza kwa sauti ndogo, "Na chini? Kumeandikwa nani aje?"

Chini hapakuwa na kitu. Tulicheka wote wawili. Kisha ukageukia ukutani, na mimi nikaacha kucheka.

Sasa neno lile wamemhamishia Bibi. Tangu atoke eda hajagusa karai. Chakula anadonoa tu, anarudi kulala. Baba Mkubwa anasema Ijumaa anakuja kumchukua akaishi Dar, na nyumba ifungwe. "Bibi yako anazorota," kaniambia kwenye simu, "na hapo hakuna wa kumwangalia." Hakuna! Na mimi mume wake?

Jana asubuhi nikawasha moto mwenyewe. Nikamwaga korosho karaini, nikaketi mlangoni kwake na gazeti, nikasoma kwa sauti yangu hii ambayo msikiti mzima unaionea wivu. Harufu ikaanza kubadilika.

"We mtoto, unaziunguza!"

"Mke wangu, nasoma. Sina mikono minne."

Akatoka. Akaninyang'anya mwiko, akazigeuza. Halafu akasema, "Haya, endelea. Chini kumeandikwa nini?"

Babu, ukurasa ulikuwa umechanika pale chini. Nikasoma hivyo hivyo: "Mjukuu abaki. Na mkewe asichukuliwe."

"Mwongo mkubwa," akasema, "kama mwenzio."

Lakini alinyoosha mkono, nikampa ule ukurasa, akaanza kuukunja. Anakunja vibaya, Babu. Ile ilikuwa kazi yako.

Ijumaa Baba Mkubwa atatukuta kazini, moto ukiwaka. Akitaka korosho, itabidi asubiri tumalize kusoma.

Mungu akulaze pema, nawe utuombee.

Ni mimi, mjukuu wako, mume mwenza uliyemwachia nyumba.