Skuta Iliyotekwa na Watani wa Runzewe

Runzewe,
Jumapili

Mama yangu,

Skuta yangu imetekwa. Aliyetamka hivyo ni Mama Kabula, mwenye duka nilikoinunua, leo asubuhi kwa simu kabla hajaenda kanisani. Maneno yake nayaweka yalivyo: "Mzaramo, skuta yako ni mateka wetu. Hutaipata mpaka mama yako aseme na mimi mwenyewe, na nazi zifike." Akakata simu.

Sasa nirudi nyuma nisalimie kama ulivyonilea. Shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshampa jirani? Mvua zimefika Kisarawe? Huku zimeanza juzijuzi na vumbi limetulia. Mimi ni mzima. Goti linanisumbua asubuhi tu, nikishaamka na kutembea linanyamaza. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijafika kwenye habari yenyewe. Mdogo wangu Hadija akusomee mpaka mwisho, na asiruke mahali.

Sharti letu unalikumbuka. Bodaboda iliponibwaga kwenye tope mwaka jana nikafungwa hogo la plasta mguu mzima, ulitaka nirudi nyumbani, na Mjomba Selemani akanitafutia kazi ya ukarani pale halmashauri. Mimi nikaomba ninunue skuta, niendeshe mwenyewe, taratibu. Ukakubali mbele ya Mjomba kwa sharti moja: siku itakayoniangusha au kunikwamisha njiani, naiuza na narudi. Nikasema sawa.

Jumatatu iliyopita ilinikwamisha. Haikuniangusha. Lakini ulisema "au", na mimi si mtu wa kupunguza maneno ya aliyeyasema.

Nilikuwa natoka machimboni, kwa wale wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu, ambao kisima chao kimekauka na kila kiongozi anasema ni kazi ya mwenzake. Kwenye mteremko kabla ya kalavati nikashika breki ya mbele. Mkono wa breki ukalala mpaka kwenye usukani, na skuta haikupungua mwendo. Nikabana ya nyuma, nikaielekeza kwenye rundo la mchanga lililoachwa na watu wa barabara, ikasimama humo. Nilishuka nikatazama: mafuta ya breki yalikuwa yanadondokea tairi.

Nikapiga simu dukani. Unanijua, Mama. Nimeandika habari za wafanyabiashara tangu Hadija hajaanza shule: wa mbegu zisizoota, wa mabati yanayotoboka kabla nyumba haijahamiwa, wa dawa za mifugo zilizochanganywa maji. Jibu lao nalijua kwa moyo: "Uliichukua ikiwa nzima." Nilikuwa nimeshaandaa swali la kumbana. Mama Kabula akanisikiliza, halafu akauliza kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza:

"Umeumia?"

Nikasema hapana.

"Usiisukume. Kaa kivulini. Baba Kabula anakuja."

Swali langu sikulitumia.

Mume wake, Masanja, alikuja juu ya skuta yake mwenyewe, na nyuma yake guta la matairi matatu la kubebea yangu. Alikuwa na chupa ya maji ya kunipa. Kabla hajashuka akaanza:

"Mzaramo, umeona mchanga ukadhani umefika baharini?"

"Na wewe Msukuma, uliniuzia skuta au jeneza?"

Nilitegemea acheke, ndiyo desturi yetu. Hakucheka. Alipiga magoti, akaupapasa mpira unaopitisha mafuta ya breki, akaukunja ili niuone ulivyochanika. "Hili si kosa lako, wala si la barabara," akasema. "Mpira umetoka kiwandani na kasoro. Nimekuuzia kitu kibovu bila kujua. Chukua hii yangu, kazi yako isilale."

Mama, nimekaa mahakamani nikisikiliza watu waliokutwa na ng'ombe wa wizi zizini wakiapa kwamba aliingia mwenyewe. Sijawahi kusikia mfanyabiashara akisema "kosa ni langu" akiwa amepiga magoti vumbini, hana shahidi wala polisi. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Jumanne nikaenda dukani kwao. Skuta zote za aina ile zilikuwa zimesogezwa ukutani na kufungwa kamba zisiuzwe. Walikuwa wamefungua iliyobaki stoo, wakakuta mpira wake nao umeanza kuchanika. Mama Kabula alikuwa kwenye benchi akimpigia simu kila waliyemuuzia, mmoja baada ya mwingine: usiendeshe, tunakufuata. Nilimuuliza nani amewaagiza. Akanitazama kama nimeuliza nani amemwagiza kuoga.

Sikuamini. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nikamwendea nesi wa zahanati moja ya hapa wilayani, naye akathibitisha: wamechukua yake, wamemwachia nyingine. Nikamwendea Mzee Eliasi, katekista anayezungukia vigango kwa skuta. Huyo alinisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. Alipoliona guta linaingia uani alijua wamekuja kumnyang'anya, maana tangu azaliwe hajaona muuzaji akimfuata mteja kwa jambo la heri. Mkewe akaivuta skuta mpaka jikoni, akaifunika kwa magunia ya michembe, vile viazi vikavu vya huku. Masanja aliingia, akaliona tairi limechungulia, akamwambia kwa heshima ya kwao, "Mayu, mama yetu, tupe skuta tu. Viazi tutakuachia."

Nikarudi kwa Mama Kabula nikamuuliza waziwazi: "Mnafanya haya kwa sababu mimi ni mwandishi wa habari?"

"Wewe ni mwandishi?" akasema. "Sisi tulijua ni Mzaramo tu. Kazi hatukukuuliza, maana tunajua Wazaramo hawafanyi."

Wateja wote walicheka, na mimi nikacheka nao.

Alhamisi skuta yangu ilikuwa tayari. Mpira mpya, wa kampuni nyingine, na hawakunidai chochote. Masanja alikuwa ameipeleka kwenye mteremko ule ule, akashuka nayo mwenyewe, akapanda, akashuka tena. Nilimwona Mama Kabula akimfokea kwa Kisukuma aliporudi. Yale maneno sikuyaelewa, ila hasira ya mke niliielewa. Hapo ndipo nikasema nililokuja kusema.

"Wabeja sana," nikawashukuru kwa Kisukuma chao. "Sasa naomba mniuzie."

"Tukuuzie nyingine?"

"Hapana, mnitafutie mnunuzi wa hii. Ilinikwamisha njiani, na niliahidi kwa mama. Narudi kwetu."

Ufunguo ulikuwa mezani katikati yetu. Mama Kabula aliuchukua, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno.

"Mtani hauzi," akasema.

"Mama Kabula, nipe ufunguo."

"Nenda polisi. Waambie Msukuma amekunyang'anya skuta. Watakuuliza wewe kabila gani, ukiwajibu watakufukuza."

Nilishtuka, Mama, na nimeandika neno hilo nikijua uzito wake. Nimeporwa simu stendi, nimefukuzwa machimboni kwa mapanga, sijapata kukosa la kufanya. Hapa nilikosa. Utani wetu na watu hawa unaujua kuliko mimi, ni wa tangu misafara yao ikishuka pwani kupitia kwetu. Siku ya msiba wa Babu nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka yule Msukuma aliyekaa mlangoni na kofia ya marehemu kichwani, akakataa kunyanyuka mpaka apewe jogoo. Kaka zako walitaka kumtoa kwa nguvu. Wewe ndiye uliyewazuia: "Mtani hashitakiwi, mpeni jogoo wake." Sasa nilikuwa nimesimama dukani kwa watu, mkoba begani, nimefungwa na maneno yako mwenyewe.

Wateja walipotoka akaniita nyuma ya kaunta. Huko hakutania. Alisema watu wamekubali kurudisha skuta zao kwa kumwamini yeye, na wakisikia mwandishi ameiuza yake siku ile ile iliyotengenezwa, watasema kuna jambo kalijua. Sababu hiyo ni ya biashara, nami niliipokea hivyo. Kisha akaongeza:

"Halafu mama yako. Yeye anaogopa kitu ambacho hakuna aliyemweleza. Wewe utamwelezaje, hata mpira wenyewe ulikuwa huujui? Nitamweleza mimi niliyeuza. Mteja wangu siyo wewe peke yako, Mzaramo. Na yule asiyepata usingizi ukiwa njiani ni mteja wangu."

"Na akisema niuze?"

"Akisema uuze, nitauza mimi, na mizigo yako nitaipandisha kwenye basi kwa mikono yangu. Na nitalia kidogo, kwa kukosa mtu wa kumtukana."

Mpaka leo bado natembelea skuta ya Masanja, naye anatembea kwa miguu kwenda dukani. Nimemwambia mara mbili aichukue. Anasema mtekaji hapewi masharti.

Hiyo ndiyo habari yote, na sikuongeza kitu. Ukinitaka niseme upande wangu, nataka kubaki. Kile kisima bado kikavu, na nikiondoka sijui nani atakwenda kuuliza tena. Lakini ahadi niliitoa kwako, na wewe ndiye wa kuifungua au kuikaza.

Mpe salamu Mjomba Selemani, mwambie nafasi ya halmashauri asiitoe bado na asinishikie kwa nguvu. Msalimie Shangazi Mwanaidi wa nyumba ya pili, na simu yake aichaji, maana itahitajika. Mwalimu wangu wa madrasa, ikiwa bado anakumbuka nani alikuwa akisinzia, naye apate salamu zangu. Hadija, ahsante kwa kusoma. Ulipocheka hapo kwa Mzee Eliasi nilikusikia.

Barua hii naikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho, itakuwa mikononi mwako Jumanne. Alhamisi baada ya swala ya alasiri Mama Kabula atapiga simu ya Shangazi Mwanaidi. Kiswahili chake kina Usukuma ndani, msikilize polepole. Usimwonee haya, muulize lolote, hata la kumuudhi. Mimi sitakuwepo dukani saa hiyo. Sitaki uniambie jibu kwa kuniogopa au kunihurumia.

Ukiona nibaki, mpelekee wakala wa basi pale Mbezi mfuko wa nazi anazodai kama kikombozi, siku ya Ijumaa, zile za mnazi wa nyuma ya choo, Mama Kabula hatajua tofauti. Ukiona nirudi, usipeleke kitu. Jumamosi asubuhi nitakwenda ofisi ya mizigo stendi ya Runzewe na kuuliza kama kuna mzigo wangu kutoka Kisarawe.

Mtoto wako anayekutii, hata akichelewa,

Mwajuma