Mashini mbili na kisu ya Tata

Dilala, Kolwezi

Tata,

Salamu, moyo wenu bote pale nyumbani. Mukono ya kuume inatetemeka bado, ao imepunguza kidogo? Mama angali anakukatia nyama ku sahani? Najua haupendi. Mi niko muzima, lakini nilishachoka. Tangu asubui mupaka mangaribi niko mbele ya bisu bya kantini, na ile kelele ya mashini inanifuata hata ku misa.

Katika barua uliniuliza: kama mukono imekataa jiwe, ununue mashini gani ya kunoa, ile ndogo ao ile mukubwa, kusudi batu ba kwetu Sandoa baendelee kukuletea bisu byabo. Nilijaribu zote mbili. Nitakuambia kweli yote, hata ile yenye kunipa haya.

Ile ndogo iko ku kantini yetu sisi bafanyakazi. Jiwe yake inazunguka mbio, kavu, inatupa cheche. Unapitisha kisu mara mbili, inakata. Kisha siku tatu imekuwa butu tena, na chuma imepunguka.

Ile mukubwa iko ku mess, pale penye bakubwa ba kazi banakulia. Ile, Tata, ni mashini kweli. Jiwe inazunguka polepole ndani ya maji, kuko chuma ya kushika kisu isiyumbe, na ku mwisho kuko mukaba wa ngozi wa kuipangusa. Kisu inatoka baridi, unaweza kunyoa nayo ndevu. Mupishi wabo aliniacha nijaribu mara moja tu, kisha akafunga mulango. Lakini inaomba courant, umeme, siku nzima, na kwenu pale kuko tu groupe ya misioni, yenye kutoa umeme kidogo mangaribi.

Sasa haya yangu. Ile kisu yako, ulinipa siku nilipanda camion, lori ya kuja huku, niliitia ku ile ndogo. Bisu bilikuwa mingi, chef wetu wa kazi alikuwa analalamika. Weye ulinifundisha kusikiliza: jiwe inalia kwa nguvu, kisha sauti inalainika, ndio unasema, "Basi, imeshiba." Ku mashini sikusikia kitu. Wakati niliitoa, makali ilikuwa ya buluu, imeungua kwa moto ya jiwe, na tumbo ya kisu imeliwa. Nilikaa chini ku saruji nikalia, batu bakanicheka.

Unisamehe, Tata. Usinunue hata moja.

Salimia Mama, na dada yangu mwenye kuuza mihogo. Katekista mwenye kukusomea barua hii, namusalimia pia; pale penye nililia, asome polepole, jirani asisikie.

Balishanipa congé, likizo ya kupumzika. Nitakuja na camion ya unga, pamoja na kisu. Mama asitoe jiwe yako pale ku mulango. Mukono imekataa, lakini masikio yako ingali nzima. Mi nitanoa, weye utakaa karibu. Sitaacha mupaka weye mwenyewe utasema: "Basi, imeshiba."

Mutoto wako,
Kasongo