Ngumi ya Zakaria

Rumonge, Ijumaa, Mei 1972

Mvua imekatika tangu asubuhi. Ziwa limetulia. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyeishia darasa la pili.

Askari wanachukua watu wetu waliosoma. Juzi walimtoa darasani mwalimu wa mwanangu Deo, wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka uso usijulikane, wakamtupa kwenye kamyo, lori lao, juu ya wengine.

Hakuna aliyerudi.

Deo wangu yuko sekondari. Baba wa wanangu wawili alipokufa niliuza michikichi ili mtoto asome. Watoto wa wakubwa wa ofisi walikwenda shule nyumba nzima. Kwangu alikwenda mmoja tu. Kaka yake, Zakaria, nikampa kasia akavue. Tangu hapo ananijibu kwa ufupi.

Jana nilimpigia magoti amvushe mdogo wake hadi Kigoma.

"Si amuandikie ziwa barua ya Kifaransa," akasema, "limufungulie njia."

"Zaka, mwanangu, watamuua."

"Mimi hawanitafuti. Murakoze, mama."

Kwa asante hiyo nikajua amekataa. Lakini leo jioni akaja na nyavu, akamvika Deo shati lake linalonuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakateremka ziwani.

Askari walikuwa wamesimama kwenye mitumbwi. Mimi nilikuwa nageuza ndagala mchangani, najifanya siwajui wanangu. Askari mmoja akamsogelea Deo, akamuuliza kitu kwa Kifaransa, kwa upole, kama mwalimu. Mimi sikuelewa. Deo alielewa. Nikaona midomo yake inafunguka, maana huko shuleni amezoeshwa kuulizwa na kujibu.

Zakaria akampiga ngumi ya mdomo.

Deo akaanguka. Zakaria akamfuata na teke la mbavu, damu ikaingia majini.

"Shefu, huyu iko mujinga. Hata jina yake hajui. Kazi yake ni kula tu."

Askari wakacheka. "Mupige tena," mmoja akasema, "tuone kama atajua."

Akampiga tena. Deo akatema jino, hakutoa neno. Wakawaacha wasukume mtumbwi.

Ngumi ya kwanza naielewa, ndiyo iliyomwokoa mwanangu. Ile ya mwisho bado naiona. Mkono ulikuwa kwa Deo, macho ya Zakaria yalikuwa kwangu.

Wafike tu, Mungu wangu. Nikimwona tena Zakaria nitakaa chini, nisijitetee, aseme yote mpaka amalize.