Mukia ya Kipanga

Masika, mujukuu wangu wa Bungulu,

Wasingya, aksanti kwa foto. Huku Butembo tuko bazima. Mama yako mudogo alizala mutoto mwanaume, na viazi ya shamba yetu ya Kipese imekomaa.

Unaniuliza kati ya bale bakipanga babili ba mu foto ni gani mwenye kuiba batoto ba kuku, juu banafanana. Hata mie nilikosea karibu.

Wakati ya vita nilikuwa kijana wa haya, na kamera moja ya kupigia batu ba ndoa. Kuku ya jirani, Mama Kahindo, ilibakia na batoto batatu. Akatia sumu mu nyama, akaniita:

«Kambale, unapigaka bandege foto. Ule anazunguka pale juu, njo mwizi?»

Mwizi iko na mukia ya kupasuka. Mwenye kula panya, mukia yake ni ya muviringo. Lakini mwizi akigeuka, anafunguaka mukia, mupasuko unapotea. Nikaangalia mu kamera: mukia ilikuwa imefunguka.

«Mama, siyajuwa bado.»

Akacheka: «Weye uliachia masomo mu deuxième primaire, unangoya ndege akuandikie jina?»

Siku zile kila mutu alijua mbio mbio adui ni nani. Kusema siyajuwa ilikuwa ngumu.

Tukakaa mu majani. Kipanga akazunguka, akazunguka, polepole sawa usingizi. Halafu akafunga mukia: muviringo.

Mama akasimama, akaenda kuzika nyama. Mie nikabakia na ule ndege mu kamera mupaka akapotea mu mawingu. Foto nikasahau kuipiga.

Salimia batu ba nyumba,
babu yako