Zabibu za Mvua na Kifuko cha Seli

Nzuguni, Jumamosi ya Machi. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Sasa jua limetoka na ukuta wa jirani unafuka mvuke.

Kuna jambo kuhusu mfano wangu wa zabibu ambalo nimewaficha wanafunzi wangu wote, na mjukuu wangu Mwaja pia. Daktari ameniambia moyo umechoka. Hakunizungusha, nami namshukuru. Mwaja ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye mtandao, kwa hiyo atausoma kabla ya mtu mwingine.

Nianze na ninayoyajua, maana ni mengi na siyaonei haya.

Maisha yangu ya kazi niliyatumia kutafuta namna ya kuingiza jeni kwenye seli, ili siku moja seli yenye ugonjwa ipewe maagizo sahihi. Jeni peke yake haiingii. Ina chaji hasi, na utando unaoizunguka seli una chaji hasi pia, hivyo vinasukumana. Ndiyo maana tunaifunga kwa polima, nyuzi ndefu zenye chaji chanya. Kinapatikana kifurushi kidogo, kinanata kwenye utando, utando unabonyea na kukimeza. Hayo nimeyaona kwa hadubini. Nimeona pia polima ikizidi inavyotoboa utando na kuua seli. Atakayebisha aje Nzuguni, bado nina pumzi ya kubishana.

Lakini kumezwa si kufika. Kifurushi kinabaki ndani ya kifuko cha utando huo uliokimeza, na kifuko kinajaa asidi ya kukisaga. Kinatokaje?

Hapo ndipo nilipoleta zabibu.

Kila mkulima wa huku anajua yanayotokea mvua ikikuta zabibu zimeiva. Zinakunywa maji, ganda linakaza, zinapasuka zingali mtini, na nyigu wanakuja. Nikawaambia wanafunzi: polima inafyonza ile asidi, maji yanafuata, kifuko kinavimba, kinapasuka, jeni iko huru. Darasa zima liliinama kuandika. Hata wenzangu waliniomba mfano huo. Nilipendwa kwa zabibu ile kuliko kwa kazi yoyote niliyoitolea jasho.

Mwaja sasa anachagua swali la utafiti wake wa shahada ya pili. Juzi alinionyesha aliyoyafikiria. Swali la kifuko alikuwa amelikata kwa kalamu. Nikamuuliza kwa nini.

"Hilo ulishalimaliza wewe, Babu. Nikalifanye nini tena?"

Nikamrudishia karatasi yake. Kesho anasafiri, na Jumatatu anampelekea msimamizi wake swali alilochagua. Akishaliandikisha, ndiyo kazi yake ya miaka.

Leo asubuhi alinisalimia, akapiga magoti kunivua soksi. Miguu yangu imevimba tangu Krismasi, inang'aa kama imepakwa mafuta. Soksi zilikuwa zimelowa.

"Babu, umekanyaga maji wapi, na wewe hutoki kitini?"

"Nilitoka ulipokuwa umelala."

"Kwenda dansi, bila shaka. Na fimbo yako."

Alicheka, kisha akaacha. Aliugeuza mguu kwenye mwanga wa dirisha, akaupangusa, akasubiri. Maji yakajitokeza tena, matone madogo kama jasho.

"Hakuna kidonda," alisema. "Ngozi nzima kabisa. Yanapita tu."

Yanapita tu.

Maneno hayo yakanirudisha kwenye hadubini.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, tulitia rangi inayong'aa ndani ya vifuko. Kifuko kikipasuka, mwanga ungemwagika kwenye seli yote kwa mara moja. Nilikaa kwenye hadubini majira yote ya baridi nikiungoja. Vifuko vingi vilibaki vizima, vimeshika vifurushi vyao. Vichache vilififia polepole, mwanga ukivuja nje kidogo kidogo, na utando wao bado mviringo, bado mzima. Kama mguu wangu leo. Nikasema ni kasoro ya rangi. Zabibu ilikuwa tayari kichwani, na ilikuwa nzuri mno kuiacha.

Huenda katika seli nyingine, kwa polima nyingine, vinapasuka. Sina ugomvi na watakaoviona. Nasema nilichokiona mimi.

Mwaja anapiga pasi nguo za safari chumba cha pili. Nasikia maji anayonyunyizia yakichemka chini ya pasi. Mjukuu wangu, lirudishe lile swali. Liweke juu kabisa. Sikulimaliza, nililifunika. Una macho mazuri kuliko yangu: umeona maji yakipita kwenye ngozi nzima, na hukukimbilia kuyapa jina. Msimamizi akikuuliza nani kakwambia bado liko wazi, nitaje mimi niliyefundisha kuwa limefungwa.

Sikuwahi kuona kifuko hata kimoja kikipasuka.